Kelele za prepo (kujisomea usiku) na bwenini zimenishinda, walimu wa shule za bweni mnafanyaje?

Patroni Mpya
Wakuu habari za jioni, naomba tusaidiane hasa walimu mlioko shule za bweni na hata nyie mliosoma bweni. Niko sekondari moja ya serikali huku kanda ya kati, mwaka huu nimepewa upatroni, yaani ulezi wa bweni la wavulana, na kinachonisumbua kuliko vyote ni kelele. Prepo inaanza saa 1 na nusu usiku, mwanzoni wanatulia vizuri tu, ikifika saa 3 hivi kidato cha pili wanavuma mpaka nawasikia nikiwa nyumbani, nikiingia kimya, nikitoka tu zinaanza upya. Umeme ukikatika ndo usiseme, shule nzima inapiga ukelele, ukirudi wanapiga tena. Taa za bweni zinazimwa saa 4 na nusu lakini stori za Simba na Yanga zinaenda mpaka saa 6.

Tunachofanya ni monita kuandika majina ya wapiga kelele, asubuhi paredi wanaitwa, wanachapwa au wanaenda kufyeka, kesho yake majina yale yale. Juzi usiku monita wao kamwagiwa maji kwenye godoro, kaja kuniomba avuliwe umonita, kijana ana adabu sana na imeniuma. Stafu wanasema tuongeze fimbo. Nyie mnafanyaje?

Kalamu Nyekundu
Pole sana mwalimu mwenzangu. Hilo la kuongeza fimbo waambie stafu wasome Waraka wa Elimu namba 24 wa 2002, viboko havizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Kuchapa mstari mzima paredi asubuhi kwa kelele hakumo humo.

Karatasi ya majina nayo achana nayo kabisa. Monita analala bweni moja na hao anaowaandika, unategemea nini? Wababe hawaandiki, marafiki zake hawaandiki, wanabaki wanyonge na aliogombana nao mchana.

Sasa jiulize, ikifika saa 3 hao watoto wana kazi gani mbele yao? Notisi wameshazisoma, kitabu kimoja wanagombania watu kibao, hesabu iliyomshinda hana wa kumuuliza, lazima aongee. Kwetu tuligawa masomo kwa siku, mwalimu wa somo kabla hajaondoka jioni anaacha maswali ubaoni, prepo ikiisha madaftari yanakusanywa. Halafu prepo tukaikata mara mbili, kwanza kimya kila mtu na daftari lake, baadae diskasheni ruksa ila kwa vikundi na mwisho kikundi kinaonyesha kilichofanya. Sauti zipo mpaka leo, ila ukipita dirishani unasikia wanabishana mole ya kemia na sio mpira.

Patroni Mpya
Asante mkuu, hii ya maswali nimeielewa. Ila usahihishaji? Darasa lina watoto wengi na walimu wa sayansi tuko wachache mno.

Kalamu Nyekundu
Maswali machache tu, wanabadilishana madaftari wanasahihishiana kipindi cha kwanza, wewe unapitia ya wachache. Wakijua yanaangaliwa inatosha. Na kidato cha pili wana upimaji wa NECTA (baraza la mitihani) mwisho wa mwaka, chukua maswali ya miaka ya nyuma huna haja ya kutunga.

Mama Bweni
Wanangu mmeongea ya darasani, mimi ni matroni niseme ya bwenini. Taa saa 4 na nusu, kengele ya kuamka najua ni saa 11 alfajiri, hapo hata aliyelala mapema kapata masaa sita na nusu, wa stori kapata matano. Madaktari wanasema kijana wa umri huo alale masaa 8 mpaka 10. Ndo maana kwenye prepo anaongea, akinyamaza anasinzia na akisinzia anaadhibiwa. Muombe mkuu wa shule usafi wa asubuhi usogezwe jioni waamke saa 12, hilo tu litakupunguzia mengi.

Pia mwanangu, wape muda wa stori. Watoto wametoka darasani mpaka prepo hawajaongea na mwenzao, halafu unazima taa unataka kimya hapo hapo? Prepo iishe mapema kidogo, wapige stori zao taa ikiwa inawaka, wewe ukiwa humo humo ndani na sio nje na tochi. Na bweni la bati bila silingi watu wakinong'ona kitanda cha mwisho unasikia mlangoni, usidhani kila sauti ni ukorofi.

Kidato cha Sita Zamani
Naunga mkono mama. Mimi nilikuwa dada mkuu, nilichosaidiwa ni mwalimu kunitoa kwenye kuandika majina, nikabaki na kazi ya kupeleka shida za wenzangu ofisini. Ukelele wa umeme ni giza tu, wekeni taa ya sola hata moja kila darasa utaona.

Patroni Mpya
Nashukuru sana wote, ya kuamka nitaipeleka kikao cha stafu, maswali naanza nayo Jumatatu na kidato cha pili.

Mama Bweni
Sawa mwanangu, ila usisubiri Jumatatu kwa huyo monita. Mhamishe bweni leo na umtafutie godoro kavu.