Laptop mpya inajizima tangu apdeti ya Jumanne usiku, nisaidieni kabla fundi hajabadilisha mazabodi

Binti_Ngamiani:
Wakuu, za jioni. Nipo Tanga, nina steshenari Ngamiani. Laptop yangu haijamaliza hata miezi mitatu: Core i5, SSD ya GB 512, Windows 11. Jumanne tarehe 11 usiku ilichukua apdeti ya mwezi, nikaiacha ikimalizia, nikalala. Jumatano asubuhi nikiwa natengeneza picha za pasipoti za mteja, kioo kikawa cheusi, maandishi meupe, asilimia zikapanda, ikajiwasha upya. Hadi sasa imefanya hivyo mara tatu. Fundi kasema ni mazabodi, yaani bodi kuu, kubadilisha 350,000. Swali langu ni moja tu: ikibadilishwa mazabodi, Windows itabaki halali au nitanunua leseni upya?

Wajaleo:
Tanga waja leo, na hitilafu nazo zinakuja leo. Dada, weka Linux Mint upumzike.

Binti_Ngamiani:
Wateja wananiletea faili za Publisher. Linux sitaki.

Mkonge_Mweupe:
Haya ndiyo matokeo ya kuruhusu kila apdeti iingie. Settings, Windows Update, Pause, wiki 5. Watu hawajifunzi.

Pweza_Mkavu:
Wiki 5 zikiisha inadai apdeti zote kwa mkupuo kabla hujasogeza tena. Na Windows bila viraka vya usalama kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za watu kutwa nzima? Kwa leseni: kwa laptop iliyotoka kiwandani na Windows, ufunguo umeandikwa ndani ya mazabodi yenyewe. Ukiweka mazabodi nyingine, unategemea ufunguo wa hiyo nyingine, kama unao. Muulize fundi kabla, si baada.

Raskazone_Kusi:
Mazabodi ikae pembeni kwanza. Laptop yenye shida ya umeme kwenye bodi kwa kawaida hukata ghafla kama umezimiwa swichi, haikuandikii kitu. Hicho kioo cheusi ndicho kile cha bluu cha zamani, kilibadilishwa rangi mwaka 2025. Maana yake Windows imejisimamisha yenyewe, na zile asilimia ni wakati inaandika dampu, faili la kumbukumbu ya kosa. Fungua C:\Windows\Minidump, weka hapa majina yote ya faili kama yalivyo. Kisha Windows+R, andika perfmon /rel. Itakuja kalenda yenye misalaba myekundu; fungua kila msalaba uandike msimbo uliomo. Na ujibu hili: umeongeza au kubadilisha chochote tangu uinunue? RAM (memori), disiki, chaja?

Binti_Ngamiani:
Hakuna, ipo kama nilivyoitoa dukani. Faili:
110825-9406-01.dmp
110925-8859-01.dmp
111225-9171-01.dmp
111225-9312-01.dmp
111325-8953-01.dmp
Misimbo: 1a, 50, 1a, a, 139. Ila fundi nimeshampa 80,000 ya kuagizia, kwa hiyo nilichotaka hasa ni lile jibu la leseni.

Kibanda_cha_Papa:
Hebu ngojeni. Majina ya dampu huanza na mwezi, kisha siku, kisha mwaka. Ya kwanza ni Novemba 8, Jumamosi. Microsoft hutoa apdeti hizi Jumanne ya pili ya mwezi, saa 4 asubuhi ya kwao, ambayo Novemba kwetu ni saa 3 usiku. Kwa hiyo laptop hii ilianguka siku 3 kabla ya apdeti inayoshtakiwa? Uzi wa kutunga huu.

Wajaleo:
Kesho litaletwa jina la duka la fundi na namba ya simu. Tangazo hili, wakuu.

Mkonge_Mweupe:
Na mimi nilishangaa, mtu ana tatizo kubwa hivyo anauliza leseni.

Raskazone_Kusi:
Anayetunga uzi hawezi kupanga misimbo hiyo. Draiva mbovu hurudia kosa lilelile, na mara nyingi jina la faili yake hutokea, kitu kinachoishia na .sys. Hapa 1a ni usimamizi wa memori, 50 ni Windows kuomba ukurasa usiokuwepo, a na 139 ni mambo ya memori iliyovurugika. Sura nne tofauti kwa siku sita. Dada, Novemba 8 ilifanyika nini?

Binti_Ngamiani:
Sijatunga. Sawa, nisemeni. Tarehe 8 niliongezewa RAM ya GB 16 kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Sikusema kwa sababu stika ya waranti ilikatwa na mwenye duka anaweza kupita humu. Lakini RAM siyo, maana ilisoma GB 24 vizuri tu na kazi ikawa nyepesi. Zile mara mbili za mwanzo nilidhani ni umeme. Ni apdeti ndiyo iliyozidisha.

Pweza_Mkavu:
Aliyeongeza RAM ndiye huyu wa mazabodi?

Binti_Ngamiani:
Ndiye.

Raskazone_Kusi:
Kusoma GB 24 ni kuhesabu tu, siyo kupima. Bayosi, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows, inaona ukubwa ulioandikwa kwenye kachipu kadogo cha RAM, haijui kama seli moja huko katikati inageuza 0 kuwa 1. Ukiwa na kazi ndogo unaishi ndani ya GB zilizo nzima. Apdeti inapofungua mafaili yake kwa maelfu hujaza memori, inafika kwenye ubovu. Kwa hiyo kweli imezidisha, ila haikuanzisha.

Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike pembeni ufunguo wa BitLocker (kufuli ya disiki ya Windows), tarakimu 48. Laptop nyingi mpya disiki imeshafungwa bila mwenyewe kujua, na ukichezea bayosi itaudai. Kisha fungua Terminal kama msimamizi: manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0. Hiyo inasimamisha ulinzi hadi utakapourudisha kwa -enable.

Chukua flashi tupu, weka MemTest86 ya bure, programu ya kupima RAM. Inawaka bila kuzima Secure Boot, ulinzi wa bayosi wakati wa kuwaka. Iache ipige mizunguko yote 4. Kwa GB 24 ni kazi ya usiku mzima, chaja iwe imechomekwa. Kosa moja tu linatosha kuhukumu, usisubiri mia.

Ikishindwa, toa RAM. Shikilia Shift ukibonyeza Shut down ili izime kabisa, toa chaja, fungua mfuniko, na KWANZA chomoa plagi ya betri kwenye bodi kwa kushika plagi, siyo nyaya. Sukuma vibanio viwili vya pembeni kwenda nje, RAM itainuka yenyewe ikiwa mshazari. Rudisha betri, pima tena na ile GB 8 iliyogandishwa kwenye bodi peke yake.

Ikipita ndipo urekebishe Windows, si kabla. Ukirekebisha wakati RAM mbovu imo, mafaili mazima yanapita kwenye memori mbovu na kuandikwa yakiwa mabovu. Tangulia DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inahitaji bando, kisha sfc /scannow; zote ni amri za kukarabati mafaili ya Windows.

Binti_Ngamiani:
Mimi nilishatayarisha flashi ya kuformati, nilikuwa nianze leo usiku. Kuformati si ndiyo kusafisha kote?

Pweza_Mkavu:
Kwa RAM hiyo ungekwama katikati na 0x80070570, ikikuambia faili zimeharibika, halafu uilaumu flashi. Na picha za wateja zimekwenda.

Binti_Ngamiani:
Nimerudi. Nikiwa na RAM zote mbili, makosa yalianza mzunguko wa kwanza, dakika ya kumi na kitu, maandishi mekundu yanamiminika. Nimetoa ile ya 16: mizunguko 4, sifuri. DISM na sfc zimepita, sfc imesema imekuta mafaili yaliyoharibika na kuyatengeneza. Tangu jana asubuhi haijazima. Apdeti niitoe?

Raskazone_Kusi:
Iache. Rudisha ulinzi: manage-bde -protectors -enable C:. Soma stika ya ile RAM.

Binti_Ngamiani:
PC4-2400T. Na chipu moja maandishi yake hayafanani na zile nyingine.

Kibanda_cha_Papa:
Imeshafumuliwa hiyo. Hata ingekuwa nzima, ingeshusha ile ya kwenye bodi iende kwa mwendo wake wa 2400. Ya kwako kwenye bodi itakuwa 3200, basi stika ya utakayonunua isome PC4-3200AA, umbo fupi la laptop, chipu zote maandishi mamoja. Na niwie radhi kwa lile neno la kutunga.

Binti_Ngamiani:
Yameisha kaka. Fundi anasema 80,000 hairudi, mazabodi ameshaagiza.

Kibanda_cha_Papa:
Mwambie akuoneshe risiti ya kuagizia. Angalia tarehe.