Tupeane uzoefu: siku gani ulijua kabisa kwamba Mungu anakupenda bure?

MamaWatatu:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, msije mkasema nimewaruka.

Jana ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwetu. Mnaojua mnada baada ya ibada mnajua: mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, maboga, maziwa kwenye chupa za soda, na mzee wa kanisa anayenadi kama yuko mnada wa ng'ombe. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita. Alitaka kutoa cha kwake, nikampa yai moja. Kalibeba kwa mikono miwili tangu nyumbani, kakataa mfuko, kakataa kusaidiwa. Tumefika getini akajikwaa. Halikumwagika lote, ganda lilibonyea ndani, ute ukawa unachuruzika kwenye vidole. Alilia mpaka kwaya wakageuka.

Nikalikinga kwenye kifuniko cha chupa ya chai, nikijua nitalimwaga baadaye kimyakimya. Mnada ulipofika kati, mzee akamwita mtoto kwa jina, akakichukua kile kifuniko, akakiinua juu: "Yai moja! Limeshapasuliwa, mnunuzi hana kazi! Naanza na elfu moja!" Likapanda mpaka elfu kumi na nane. Kwa hela hiyo si unapata trei nzima na chenji.

Yohana 3:16 nimeikariri tangu Shule ya Jumapili. Nina kipaimara, ndoa ya kanisani, kila kitu. Ila jana nimesimama pale na khanga ina ute wa yai, magoti yakaisha nguvu.

Haya, tupeane uzoefu. Lini, wapi, ilikuwaje. Siyo mahubiri, wahubiri wa humu mnajulikana.

Kipepeo_Mweusi:
Amina mama. Nimesoma niko kwenye daladala, konda ananiuliza dada kuna msiba?

Ndugu wa Nuruni:
Umenikumbusha babu yangu, Bukoba. Alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda na Kagera. Wale wazee walikuwa hawaokoki kimyakimya. Mtu akiguswa anasimama anataja dhambi kwa jina lake, kisha kesho yake anatembea kurudisha vya watu. Babu alimrudishia Mhindi mmoja mjini pampu ya baiskeli, alikuwa ameiiba miaka mingi nyuma. Alienda kwa miguu, kutwa nzima. Yule mwenye duka hakuwa Mkristo wala hakuikumbuka hiyo pampu. Akamkalisha, akaagiza chai ya maziwa, akamwambia rudi nayo, baiskeli unayo?

Babu alikuwa akifika hapo kwenye chai anashindwa kuendelea. Kila mwaka, Krismasi, hapo hapo.

Mshoni_wa_Kitale:
Bwana asifiwe. Mimi ni Mkenya. Nilijifungua mtoto wa pili, bili ikafika elfu arobaini na saba, mume alikuwa ameenda na simu imezimwa. Nilikaa wodini siku tisa baada ya kuruhusiwa, nalala kitanda kimoja na mama mwingine. Chama cha akina mama kanisani wakachanga. Waliokuja kunitoa walikuwa wanne, na aliyeshika bahasha ni yule tulikuwa tumetukanana naye hadharani kwa mambo ya jikoni wakati wa harusi ya binti wa mchungaji. Hakusema kitu. Alichukua mtoto akamfunga mgongoni, akasema twende gari inangoja.

Hatujawahi kuongea ile stori ya harusi hadi leo.

Kipepeo_Mweusi:
Na mume alirudi?

Mshoni_wa_Kitale:
Hiyo ni uzi mwingine, dada.

Fundi Bati:
Nimekuwa nikisoma humu muda mrefu bila kuandika. Hilo yai limenitoa.

Mwaka 2009 nilikuwa mtunza hazina wa kamati ya ujenzi usharikani kwetu. Kuta zilikuwa zimefika kwenye renta, zilibaki bati. Hela za bati zilikuwa milioni tatu na laki nne, na zilikuwa kwangu, kwa sababu akaunti ilikuwa na mgogoro wa watia sahihi na mimi nilikuwa mtu wa kuaminika. Hiyo hela ilikuwa ya mnada kama huo wa mama hapo juu. Ya mayai. Ya kuku.

Mwezi wa kumi na mbili rafiki akaniambia vitunguu Ruaha Mbuyuni vimeshuka, Dar viko juu, wiki moja unazidisha mara mbili. Nikajiambia naongezea kanisa. Wallahi, hivyo ndivyo nilivyojiambia: tutapata bati na rangi juu yake. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Lori likakata ekseli kabla ya Mikumi. Mvua siku tatu, turubai lina matundu. Nyie mmewahi kunusa kitunguu kinachooza? Haitoki. Nilikuwa nalala juu ya magunia, nachambua kwa mikono usiku kwa tochi ya simu, kilichooza natupa kushoto, kizima kulia, mpaka ikafika saa ya kushoto kukawa kilima na kulia hakuna kitu. Dar dalali hakufungua hata gunia, alisimama mbali akatikisa kichwa. Nilirudi na elfu sabini.

Kilichofuata ndicho kibaya kuliko yote. Nilikaa wiki tatu nikienda kwenye vikao, nafungua kwa sala. Nasoma taarifa ya fedha, nasema bati tumeagiza. Jumapili nakusanya sadaka, mikono bado naisikia ina kitunguu. Nilishachagua kamba na mti. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Siku moja katikati ya taarifa nilisimama kusoma tarakimu sauti ikagoma. Nikasema: hela sina. Nimezila. Nikaeleza yote mbele ya washarika mia na kitu, mke wangu akiwa kiti cha tatu na yeye ndiyo anasikia. Kukawa na kelele, vijana wakasema polisi, mmoja akaja na kushika shati. Mchungaji akanyamazisha. Nikawekwa nje ya meza ya Bwana, deni likaandikwa, nikaenda nyumbani. Ilikuwa Ijumaa jioni.

Jumamosi hakuna aliyekuja. Jumapili hatukutoka ndani. Watoto walikunywa uji tu kwa sababu mke wangu hakuweza kwenda hata gengeni, macho ya watu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, hodi. Ni bibi mjane anayeuza maandazi njia panda. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa kuku wawili kwenye zile bati. Ameshika maandazi kumi kwenye gazeti, mafuta yamepenya. Akasema: "Hamjanunua tangu Ijumaa. Watoto wanakula nini?" Nikamwambia mama, sina hela. Akasema, "Najua huna, si umetuambia?" Akaweka mezani akaondoka, ana wateja wanamsubiri.

Akaja Jumanne. Akaja Jumatano. Mwezi mzima.

Warumi 5:8 nilikuwa nimeihubiri mara ngapi. Tulipokuwa tungali wenye dhambi. Tungali. Hilo neno nililielewa kwa andazi la moto.

Kipepeo_Mweusi:
Daah.

MamaWatatu:
Kaka, nimeshindwa kuandika. Ngoja nirudi.

Msema_Kweli:
Stori nzuri lakini swali ni moja: ULIRUDISHA? Maana naona machozi mengi humu na hela za kanisa hazijatajwa tena. Zakayo alisema akirudisha, anarudisha mara nne, ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Soma Luka 19. Bila kurudisha huo ni wokovu wa midomo.

Mlokole Mstaafu:
Msema_Kweli umesoma kinyumenyume. Yesu aliingia kwa Zakayo KABLA hajarudisha hata senti. Alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu na hela za watu mfukoni. Kurudisha kulitokea ndani ya nyumba, baada ya kukaribishwa. Na mwizi pale msalabani alirudisha nini? Aliambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.

Msema_Kweli:
Mwizi wa msalabani mikono ilikuwa imepigiliwa misumari. Ya huyu iko huru.

Kibonde:
Hahaha hapo Mlokole umepigwa goli la kisigino.

Mkatoliki Asilia:
Ndiyo maana sisi tuna kitubio na malipizi. Unaondolewa dhambi na bado unapewa kazi ya kufanya. Nyie mnabishana jambo lililokwisha zamani.

Mlokole Mstaafu:
Malipizi ya Salamu Maria tatu hayajengi paa.

Mkatoliki Asilia:
Padri mwenye akili anakuambia rudisha ulichoiba. Usiongee usichokijua. Na wewe umestaafu ulokole kwa sababu gani, tuanzie hapo?

MamaWatatu:
Jamani nimesema siyo mahubiri. Mtaenda kugombana nje ya mnada.

Fundi Bati:
Nilirudisha. Elfu sitini kila mwezi kuanzia Januari 2010, miezi hamsini na saba, wa mwisho ilikuwa elfu arobaini. Nilijifunza kupaua, ndiyo jina langu humu. Paa la kanisa nililipiga mimi, bila ujira. Nilirudishwa kundini mwaka wa pili, deni likiwa bado halijaisha.

Lakini Msema_Kweli, nikuambie kitu. Ningelipa kwa hofu ya polisi ningelipa miezi mitatu nikahama mkoa. Nilishapiga hesabu ya kuhama. Nililipa miezi yote ile kwa sababu kila asubuhi nilikuwa napita njia panda.

Kipepeo_Mweusi:
Na bibi yupo?

Fundi Bati:
Alifariki. Jeneza nilitengeneza mimi.

Abuu Salma wa Tanga:
Mimi Muislamu, nimeingia humu kwa bahati tu. Sina la kuchangia. Huyo mama wa maandazi, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Mtazamaji:
Na mimi niseme ukweli wangu bila matusi: sioni Mungu hapo, naona bibi mwenye utu. Kwa nini sifa apewe ambaye hakukaanga?

Ndugu wa Nuruni:
Swali la haki. Nafikiri ungemuuliza bibi mwenyewe alfajiri ile kwa nini anaenda na maandazi kwa mwizi wake, angekujibu kwa jina la mtu.

Mtazamaji:
Inawezekana. Au angesema watoto wana njaa.

Fundi Bati:
Alisema hivyo. Mengine hakuwahi kusema.

Mukongomani wa Uvira:
Jina la Bwana lisifiwe. Miye nilikaa Nyarugusu, pale Kasulu, miaka mingi. Mnaojua kambi mnajua siku ya mgao. Kadi yangu ikapotea, na bila kadi hakuna unga, unasimama pembeni unaona wenzako wanabeba. Wakati ule Warundi walikuwa wamefika wengi, ni 2015, na sisi Wakongomani tulikuwa tunawanungunikia kwamba wametubana, maji haitoshi, kuni haitoshi. Mama mmoja Mrundi, hema yake ingali na harufu mpya, akanipimia unga bakuli kwa bakuli: moja yake, moja yangu. Hakunipa kilichobaki. Aligawa katikati. Nilikuwa nimemsema vibaya wiki hiyohiyo kisimani. Sijui kama alisikia. Nafikiri alisikia.

Kipepeo_Mweusi:
Kila mtu humu kasaidiwa na aliyemsema vibaya. Nianze kusema watu?

Kibonde:
Anza na mimi, nina njaa.

Zamu ya Usiku:
Niko Minnesota, nahudumia wazee. Nasoma haya saa tisa usiku, kuna babu mmoja hapa hanikumbuki jina na kila usiku ananiuliza kama ameshalipa chakula. Namwambia umeshalipiwa babu. Analala. Nimemwambia hivyo mara nyingi kwa mazoea tu, leo nimemwambia nikatoka koridoni nikalia.

Jina Limehifadhiwa:
Naomba msaada na msinicheke. Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Nimekula laki nane, ada ya mtoto. Mgawanyo ni mwezi ujao. Nimesoma hii ya bati nimetetemeka. Nifanyeje?

Msema_Kweli:
Kiri leo. Kabla jua halijazama.

Mkatoliki Asilia:
Usikurupuke kusimama mbele ya watu thelathini. Nenda kwa mwenyekiti kwanza, mwambie, peleka ratiba ya kulipa. Na nenda kitubio.

Kibonde:
Hamia Mpanda.

Mshoni_wa_Kitale:
Uza simu unayoandikia hapa, uanze nayo. Ukienda na kitu mkononi, hata kidogo, mdomo unafunguka.

Mlokole Mstaafu:
Mwambie mumeo au mkeo kwanza. Kaka wa bati alikosea hapo, mwenzake alisikia akiwa kiti cha tatu.

Fundi Bati:
Mlokole amesema kweli. Hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko deni.

Dada au kaka, sitakuambia itakuwa rahisi, na usitegemee maandazi. Mimi siku naenda kusimama sikujua kama yapo. Nitumie ujumbe pembeni. Kama uko mikoa ya huku naweza kwenda nawe kwa mwenyekiti, nikakaa tu.

Jina Limehifadhiwa:
Nimetuma.

Msema_Kweli:
Kaka Bati, nilikuwa mkali. Elfu hamsini yangu ipo kwa ajili ya huyo mwenye kikoba, akishakiri. AKISHAKIRI.

Mlokole Mstaafu:
Msema_Kweli amepanda mkuyu wapendwa, mwiteni ashuke.

Mtazamaji:
Mama mwenye uzi, swali langu bado liko palepale, ila nina jingine: hilo yai la elfu kumi na nane mnunuzi alilifanyaje?

MamaWatatu:
Alinirudishia na kifuniko chake. Tumelikaanga jioni, lilikuwa na vipande vya ganda. Mtoto kala lote peke yake, hakugawa.