Dawa ya kusukutua inaisha, harufu ya mdomo haiishi

Kijana wa Langoni: Asalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri, mkitaka kucheka chekeni kidogo. Nashona kanzu hapa Lamu, na kumpima mtu shingo lazima umkaribie. Siku hizi wateja wanageuza uso. Napiga mswaki asubuhi na usiku, nasukutua na ile dawa ya kijani, lakini kufika adhuhuri harufu imerudi. Duka la dawa wanasema nichukue yenye klorheksidini, eti ndiyo kali. Niichukue? Na hizi zenye spiriti je?

Bi Mkubwa wa Shela: Mwanangu, tafuna karafuu na iliki, maneno yaishe.

Meno32: Shikamoo bibi. Karafuu inafunika tu, na hiyo ya kijani vilevile. Kijana, mimi niko kliniki ya meno huku Malindi. Harufu nyingi hutoka kinywani, si tumboni kama watu wanavyodai. Bakteria waliojificha nyuma ya ulimi na kwenye fizi hula mabaki ya chakula na kutoa gesi za salfa, ndiyo ile harufu ya yai viza. Chukua kijiko, kwangua ulimi nyuma kabisa, ngoja kidogo, nusa. Ukinuka ule utando, ushamjua mwizi. Ukwangue kila siku, taratibu.

Klorheksidini inaua bakteria kweli, ila ni ya muda, kama wiki 2, na daktari wa meno awe anajua. Ukiendelea nayo, meno yanaingia rangi ya kahawia na chakula kinapoteza ladha. Tena usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno, povu lake huidhoofisha. Pisha nusu saa. Spiriti isikusumbue, soma chupa tu: zisizo nayo zipo.

Baharia Mstaafu: Yakhe, miraa unatafuna?

Kijana wa Langoni: Jioni barazani, kidogo. Tambuu nikialikwa harusini.

Baharia Mstaafu: Hicho "kidogo" cha barazani twakijua sote! Miraa inakausha mate, na mate ndiyo yanayoosha kinywa. Unakesha nayo, unashushia soda, halafu wailaumu dawa. Kunywa maji.

Meno32: Kasema kweli. Fizi zinatoa damu ukipiga mswaki?

Kijana wa Langoni: Zinatoa, hasa huku chini nyuma. Nikadhani mswaki mgumu.

Meno32: Basi chupa nyingine usinunue kwanza. Huenda ni ukoga ulioganda mpaka chini ya ufizi, na huko hakuna maji ya kusukutua yanayofika. Nenda kwa daktari wa meno ukasafishwe. Pima na sukari pia, maana kisukari hukausha kinywa na kuharibu fizi.

Kijana wa Langoni: Kusafishwa kunauma?

Meno32: Kunakera zaidi ya kuuma. Siku za mwanzo maji baridi yatakuchoma meno kidogo, usishtuke.

Bi Mkubwa wa Shela: Na karafuu asiache.