Naomba ushauri: nimeachiwa mkahawa wa mjomba, je, ninunue mashine au nibaki na dele, birika la kupikia kahawa?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mjomba wangu, ambaye umri haumruhusu tena kuamka kabla ya alfajiri, ameniachia mkahawa wake mdogo wa kahawa na mahamri ulioko Mji wa Kale, Mombasa. Wateja wetu wakubwa ni wazee wanaotoka msikitini baada ya Alasiri na kukaa barazani na vikombe vyao vya kahawa chungu hadi Magharibi. Vijana hupita tu, kwa kuwa wanataka kahawa ya maziwa yenye povu, na ninashawishiwa nikope ili ninunue mashine ya espreso. Zaidi ya hayo, mahamri ninayokaanga asubuhi huwa yamekauka ifikapo Alasiri, na wazee, kwa adabu yao, huyaacha nusu sahanini bila kusema neno. Naupenda sana mkahawa huu na sitaki uanguke mikononi mwangu. Nifanyeje?

Jibu kutoka Tanga
Wa aleikum salaam, mwanangu. Mahamri hukauka mapema kwa sababu ya tui jepesi na unga uliozidishwa wakati wa kukanda. Tumia tui zito likiwa vuguvugu tu, kwani likiwa la moto huua hamira. Kanda mpaka donge liwe laini, liumuke, kisha ukishakata uviache vipande viumuke tena. Yakielea katika karai, yamwagie mafuta ya moto juu kwa upawa, ndipo yatakapofura. Hata hivyo hamri zuri halistahimili kutwa nzima, kwa hiyo kanda donge la pili baada ya Adhuhuri, wazee wayapate yakiwa moto.

Jibu kutoka Unguja
Dada, usikope. Mashine ile husukuma maji kwa shinikizo la takriban mara 9 ya lile la hewa, hula umeme mwingi, na ikiharibika si kila fundi wa mtaani anayeiweza. Nunua buni mbichi, uikaange kidogo kidogo na kuitwanga siku ileile ya kuipika, kwani kahawa ikishasagwa harufu yake hupotea upesi. Tangawizi iwe ya kiasi. Wapo wanaoizidisha ili kuficha kahawa iliyochakaa, na jambo hilo huniudhi mno.

Jibu kutoka Nairobi
Namheshimu ndugu wa Unguja, lakini vijana nao ni wateja. Pika kahawa nzito, uchemshe maziwa kando, kisha uyamimine kutoka juu, jagi hadi jagi, mpaka yatoe povu. Andika kila siku umeuza vikombe vingapi vya kila aina kabla ya kutia saini mkopo wowote.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, donge la mchana nilipunguzie hamira?

Jibu kutoka Tanga
Lipunguzie, hasa wakati wa Kaskazi, kwa sababu joto huharakisha kuumuka, na donge lililopitiliza huchachuka na kunywa mafuta. Likishakuwa maradufu, likate.