NAAC daraja A inatosha kwa TCU?

Dada_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, wakala kamletea barua ya udahili ya chuo cha India, BTech ya uhandisi miaka minne. Juu kuna nembo ya dhahabu imeandikwa NAAC A. Mzee ameshaanza kuongea na mtu wa kununua shamba la zabibu kule Hombolo. Hiyo A ina maana TCU (Tume ya Vyuo Vikuu yetu) wataitambua digrii? Au dogo abaki tu UDOM?

Mkaguzi_Mstaafu
Mwanangu, shamba lisiuzwe kwanza. NAAC ni baraza la ithibati la India, lilianzishwa 1994, na linapima chuo kizima: ufundishaji, utafiti, maktaba, uongozi. Kozi ya dogo haimo humo. Kozi za uhandisi zina bodi yao, NBA (si ile ya mpira wa kikapu), inapitisha kozi moja moja. Na kama chuo kina mamlaka ya kutoa digrii, hilo unalitafuta UGC, tume ya vyuo vikuu ya India; hao hao wanatoa na orodha ya vyuo feki. Kwetu TCU wanakipa chuo ithibati na kila programu nayo lazima ipite kwao, ndiyo maana Mtanzania akiona A anadhani yote yamo.

Nimekaa miaka mingi ofisi ya uhakiki ubora. Vyeti feki vinajulikana mapema. Faili gumu ni lile la chuo halali, kozi halali, ila mwanafunzi kasomea tawi ambalo halikukaguliwa. Soma anwani kwenye hiyo barua, ya chini kabisa, yenye herufi ndogo.

Kijana_Area_C
Afadhali India. Marekani serikali haikagui chuo, kazi hiyo ni ya taasisi binafsi, wizara yao inazitambua hizo taasisi tu. Sasa kuna taasisi za ithibati zenyewe feki! Kenya wepesi, CUE, tume yao ya vyuo vikuu, inafanana na TCU.

Dada_Nkuhungu
Shikamoo mzee. Anwani ziko mbili kweli, na miji ni tofauti. Wakala anasema ni kitu kimoja.

Mkaguzi_Mstaafu
Marahaba. Atamke kwa maandishi dogo atasomea mji upi. Orodha ya vyuo feki ya UGC imepangwa kwa majimbo, anza na jimbo, majina yao yanafanana mno. Halafu wakala mwenyewe: mawakala wa vyuo vya nje wanasajiliwa TCU, muulize namba yake. Na kabla ya kukata tiketi dogo aombe TCU ile barua ya kutokuwa na pingamizi, NOC.