Kendu Bay hadi Homa Bay kwa kayaki: tutajuaje tulipo, na anga tuisomeje?

KafiMbili:
Wadau, hamjambo. Tuko wawili, tunataka kutoka Kendu Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria, tuzunguke rasi ya Mlima Homa hadi Homa Bay kwa siku mbili. Ufuo huo hatuujui. Tuna dira na simu. Mafunjo naona yanafanana kila mahali. Mtu hujuaje amefika wapi?

WaGhubani:
Mafunjo usiyafanye alama hata kidogo. Kipande kikikatika huelea pamoja na gugumaji, kesho utakikuta kwingine. Shikeni mlima. Mkiondoka utakuwa magharibi yenu. Dira ikionyesha mlima uko kusini kabisa, mko kaskazini mwa rasi. Ukiwa mashariki yenu, mnashuka kuelekea Homa Bay. Bila upepo hesabuni kilomita 5 kwa saa, na kila ncha mnayopita andikeni saa yake kwa penseli kwenye plasta iliyobandikwa mbele yako.
Kujua kama mnasukumwa pembeni: chagueni vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, tuseme mti ufuoni na mnara wa simu nyuma yake. Mti ukisogea kushoto ya mnara, nyinyi mmesogea kulia.

Nyota_ya_Ziwa:
Dira isikae karibu na simu wala spika, sindano hudanganya.
Upepo sasa. Alfajiri hutoka nchi kavu, kwa hiyo kando ya ufuo maji huwa shwari. Jua likipasha ardhi, upepo hugeuka ukatoka ziwani, na kuanzia saa saba hivi mchana utawapiga usoni mkielekea magharibi. Ghuba lina kina kifupi, kwa hiyo mawimbi huwa mafupi yaliyosimama wima, yanamwagika mapajani. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa tano muwe mmetua.
Cha kuogopa zaidi ni mchana upepo wa ziwani kuzimika ghafla, halafu ubaridi ukaja kutoka nchi kavu huku wingu jeusi limesimama upande wa Kisii au Kericho. Hiyo ni pumzi ya dhoruba, na inasukuma kayaki katikati ya ziwa. Elekeeni ufuoni hapo hapo, msingoje mvua.

KafiMbili:
Asante sana. Na tukisikia radi tu, bila upepo?

WaGhubani:
Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ni kilomita. Sekunde 30 au chini, tokeni majini. Na msikae chini ya mti pekee ufuoni.

Nyota_ya_Ziwa:
Wala msitue kwenye mafunjo mazito, kuna viboko. Tueni penye mitumbwi ya wavuvi.