Tupeane uzoefu: mtoto anayechagua chakula, ukimwingiza jikoni anakula?

MamaNaa (Tabata)
Habari za jioni wapendwa. Binti yangu ana miaka minne na chakula chake ni wali mweupe, chipsi, na uji uliokolea sukari. Mchicha ukigusa wali, punje zilizoguswa anazihamishia ukingoni mwa sahani, moja moja, kwa utulivu kabisa. Sasa juzi dada wa nyumbani alimpa fungu la mchicha achambue, lengo likiwa tu asimsumbue wakati anapika. Jioni mtoto akatangaza "huu ni mchicha wangu" na akala vijiko kadhaa. Nimebaki mdomo wazi. Nani mwingine anapika na watoto? Semeni umri, kazi mnazowapa, na chakula gani kilikubalika. Wa "mchape atakula" naomba apite tu.

Mama Kulwa
Karibu kwenye chama. Wangu ni pacha, miaka mitatu. Jumamosi natandika mkeka uani, naweka sinia na njegere za maganda, nao wanamenya. Tegemea nusu kuishia chini ya mkeka na kuku wa jirani kufaidi. Lakini angalia vidole: anabonyeza ganda mpaka lilie, anapitisha kidole gumba ndani, punje zinaruka, anacheka. Katikati ya mchezo anatupia moja mdomoni bila mtu kumwambia. Hapo ukishangilia umeharibu, jifanye huoni.

Nazi nakuna mwenyewe, mbuzi ina meno na sitaki utani nayo. Wao wanakamua machicha kwenye chujio, tui likitoka jeupe wanagombea nani akamue tena. Mchuzi ulipoiva Kulwa alikula, Doto akalamba mwiko akasema basi. Nikamwacha. Njegere ziliendelea kurudi mezani wiki baada ya wiki, sahani yake nikimwekea kidogo tu pembeni, na siku hizi anazichokoa kwenye mchuzi anakula zenyewe kwanza. Wali anaubakiza! Watoto hawa.

Kijana wa Sinza
Mimi naleta upande wa pili. Wangu anapika vizuri tu, kula ndiyo hataki. Bamia anazikata kwa kisu cha kupakia siagi, mikono inateleza, anafurahi mno, halafu chakula kikiwa mezani anaomba mkate.

Baba wa Chapati
Kijana, usikate tamaa mapema. Wangu ana miaka sita. Tunaponda boga lililochemshwa, analichanganya na unga mwenyewe, anakanda, anasukuma chapati. Hakuna hata moja iliyotoka duara, na hizo za pembe pembe ndizo anazozigombania. Nawasikia wanaosaga karoti na kuificha kwenye mchuzi wa nyama. Sikubaliani nao. Mtoto siku akiigundua, hata uji ataukagua kama askari wa getini. Wangu anajua boga limo kwa sababu amelitia kwa mkono wake.

Bi Mkubwa wa Kigamboni
Wajukuu zangu nawavusha na pantoni asubuhi, tukishuka Magogoni tumefika soko la samaki la Feri. Mkubwa anachagua kibua anachotaka, na akishachagua hawezi kukikataa mbele ya mdogo wake, heshima yake iko pale. Dagaa mchele nao wanachambua wakikaa nami barazani. Tukikaanga, wanaminyia ndimu wenyewe. Ndimu ndiyo siri, wajukuu zangu. Mtoto anayekamua ndimu lazima aonje.

NesiKliniki
Nafanya kazi kliniki ya watoto, niongeze kidogo. Kugomea vyakula vipya kati ya miaka miwili na sita ni jambo la kawaida. Wazazi wengi wanashtuka kwa kuwa mwaka wa kwanza mtoto alikula sana, lakini mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu kilo 9 akitimiza mwaka, na baada ya hapo huongeza kilo 2 hivi kwa mwaka. Kukua kumepungua kasi, na hamu ya kula nayo imepungua. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 10 na zaidi kabla hakijazoeleka, na kukimenya, kukinusa na kukishika vyote ni hatua za kukizoea.

Kijana wa Sinza, anakunywa nini kabla ya chakula? Juisi na biskuti za saa kumi jioni zinashibisha. Chai ya rangi pamoja na chakula nayo inazuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasinyonywe vizuri. Bi Mkubwa na ndimu yake yuko sahihi, vitamini C inayasaidia.

Tahadhari: karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, zitwangwe. Unga mbichi wa chapati au keki asilambe. Na kama uzito unashuka kwenye kadi, anapaliwa mara kwa mara, au anatafuna udongo na mchele mbichi, mlete kliniki apimwe.

MamaNaa (Tabata)
Asante nesi. Swali: mnawalindaje na moto? Jiko langu la mkaa linakaa chini kabisa, usawa wa macho yake.

Mama Kulwa
Kazi zao zinaisha kabla mkaa haujawashwa. Menya, chambua, osha, kamua, halafu wanaondoka. Na nimechora mstari wa chaki sakafuni, sufuria ikiwa motoni hakuna kuuvuka. Doto sasa ananikemea hata mimi nikiukanyaga.

Baba wa Chapati
Hata wa jiko la gesi la mezani msijisahau, mkono wa kikaango ugeuzieni ukutani.

Kijana wa Sinza
Mrejesho. Juisi ya saa kumi tumeihamishia baada ya chakula cha usiku. Bamia bado hataki kuzisikia. Ila jana kamenya nyanya chungu na mama yake, kala mbili na kuniuliza kwa nini mimi sili. Mimi nyanya chungu sijawahi kuzipenda tangu nizaliwe, sasa nimewekewa moja kwenye sahani naangaliwa.